Aliyeitwa Mtungini

"Baba," alisema Nadra kwenye simu, kwa sauti ya mtoto aliyejificha, "mbona unapiga simu na wewe uko uani unatia udhu?"

Amour alicheka. Nani asingecheka? Mtoto wa miaka mitano, leo atakwambia kamwona paka anavuta sigara. Amour alikuwa amekaa juu ya begi lake lililokwisha kufungwa, kambini, katika nchi ya watu ambayo hapa haina haja ya kutajwa. Waliokwenda wanaijua, na wasiokwenda wawaombee. Vita vilikuwa vimekwisha. Wakubwa walishatia saini mezani, bunduki zimenyamaza, na askari waliopelekwa kulinda amani walikuwa wanangoja ndege tu. Na kungoja huko, nakwambieni, ni kuzito kuliko vita. Vitani mtu ana kazi ya kufanya. Kwenye kungoja ana moyo wake tu, na moyo wa Amour ulikuwa Unguja, mtaa wa Amani, nyumba ya mlango wa kijani, kwa mkewe Salhiya, binti yao Nadra, na mama yake, Bi Mashavu.

"Niko uani?" alimtania. "Basi nenda kaniambie nisimalize maji."

"Sitaki," alinong'ona Nadra. "Nnamwogopa. Ananuka."

Simu ikakatika.

Amour alimsimulia Masoud, koplo mwenzake, ili wacheke wote wawili. Masoud hakucheka. Huyu Masoud ni mtu wa Pemba, na watu wa Pemba kwa mambo haya hawana mzaha.

"Kasema ananuka nini?"

"Hakusema. Ah, yakhe, nyie Wapemba mnaona jini hata kwenye kikombe cha chai."

"Haya, cheka," alisema Masoud. "Lakini piga tena."

Alipiga. Simu ikapokelewa, na aliyepokea hakusema kitu. Lilisikika tone la maji likidondoka ndani ya kitu kitupu, to, to, na nyuma yake mtu akivuta pumzi taratibu. Kisha mtu yule akakohoa. Amour ana kikohozi chake, kikavu, cha kukatika mara mbili, kilichompata tangu alipokuwa kuruti. Kambi nzima inamjua kwacho. Kikohozi kilichotoka ndani ya simu kilikuwa hicho hicho.

Hapo ndipo alipoukumbuka mtungi.

Bi Mashavu asili yake ni Makunduchi, na wanawake wa ukoo wao wana jambo lao. Msafiri akikawia, mama yake huchukua nguo aliyoivaa mwisho, isiyofuliwa, akaitia ndani ya mtungi mtupu. Adhuhuri, jua likiwa utosini, huuinamia mtungi na kumwita mwanawe arudi kwao. Humwita kwa jina lake na jina la mama aliyemzaa, kwani mambo ya namna hii hayataki jina la baba; baba mtu huambiwa tu, mama ana mashahidi. Kisha hufunika kwa kawa, na mtungi haufunuliwi mpaka msafiri atie mguu ndani.

Bi Mashavu alikuwa amefanya hivyo, na mwenyewe alimwambia Amour kwa furaha: "Nshakuita, mwanangu. Nimekuita mtungini. Amour wa Mashavu, njoo kwenu! Sasa vitakwisha hivyo vita, utaona."

Na kweli vilikwisha. Lakini siku ile Amour alihisi kitu kikimgonga moyoni, kwa sababu Bi Mashavu hakumzaa.

Alimlea. Aliyemzaa ni Mwanapili, mdogo wake Bi Mashavu, aliyekufa kwa damu ya uzazi kabla hajampakata mtoto. Bi Mashavu, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto, alikichukua kile kichanga akahamia nacho mjini, na tangu siku hiyo ole wake atakayelitaja jina la Mwanapili mbele yake. Amour aliambiwa siri hiyo na shangazi yake siku alipokuwa anakwenda jeshini, asije akafa hajui alikotoka. Akaifunga kifuani. Angesema nini? Mwanamke kakuogesha, kakukesha na homa, kauza mapambo yake usome, leo umwambie wewe si mama? Basi siku ile kwenye simu alijua kwamba ameitwa kwa jina lisilokuwa lake, na akaona haya kusema. "Ahsante, mama," ndilo neno alilolitoa.

Sasa hebu fikirini. Amour wa Mashavu hayupo. Mtu huyo hajapata kuzaliwa. Ameitwa adhuhuri, ndani ya mtungi mtupu, mtoto asiyekuwepo. Na wasiokuwa na mama ni wengi, na wao pia wanatamani kuitwa.

Kesho yake Salhiya alipiga mwenyewe. Nyuma yake pampu ya maji ilikuwa ikinguruma.

"Baba Nadra?" alinong'ona. "Niko jikoni. Nimewasha pampu ili asisikie."

"Nani asisikie? Salhiya, nani yumo humo ndani?"

"Wewe," alisema, akaanza kulia. "Ulikuja Ijumaa, watu wako msikitini. Mama ndiye aliyekufungulia mlango. Una kovu lako, una kicheko chako, umenitajia hata lile jina ulilokuwa ukiniita siku za uchumba. Nikafurahi, Wallahi nilifurahi. Nikakupikia. Ukaonja, ukatema. Hataki chumvi, baba Nadra! Kila chakula nikipike chapwa, kama cha kupungia pepo. Na ananuka udongo, udongo wa mtungi uliolalia maji. Jana mtoto naye kausukuma mchuzi, kasema chumvi imezidi, na mimi nlitia chembe tu."

"Mchukue Nadra, mwende kwa mama yako. Sasa hivi."

"Nlijaribu. Kasema, nenda, mtoto atabaki na baba yake. Hakupandisha sauti. Alimshika shingo tu, hivi, kama mtu anayepima papai."

Amour alisimama, akakaa, akasimama tena, na wakati anatafuta neno la kumwambia mkewe, neno lolote la mume, pampu kule ikazimwa ghafla, na katika ule ukimya akasikia ndara zikija zikiburuzwa juu ya sakafu, ndara zake mwenyewe alizoziacha nyuma ya mlango, zikaja mpaka karibu kabisa na simu zikasimama, na sauti, sauti yake yeye Amour, pole, yenye usingizi kidogo, sauti ile anayoitumia akirudi kazini amechoka, ikauliza: "Salhiya, unasema na nani, mke wangu?"

"Namba imekosewa," alisema Salhiya.

Simu ilimtoka Amour mkononi. Masoud alimvua buti, akamlaza chini, akamsomea. Halafu akamwambia la maana: "Aliyemwita ndiye atakayemwondoa. Mpigie mama yako."

Alimpigia.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, Amour."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mashavu. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

"Mama, nisikilize na usikasirike. Uliniita kwa jina silo. Mimi ni wa Mwanapili. Nnajua zamani, nlinyamaza kwa kukuonea haya. Wewe ndiye mama yangu, hilo halina mjadala, lakini funua ule mtungi uniite upya, kwa jina la aliyenizaa. Mara moja tu, mama. Aliyemo humo ndani si mtu."

Tone la maji lilidondoka. Likadondoka tena.

"Nani kakutajia jina hilo?"

"Mama, nakuomba."

"Amour yuko hapa," alisema Bi Mashavu taratibu. "Kaweka kichwa mapajani mwangu. Nimemuuliza kuhusu Mwanapili, kasema hamjui. Huyu halijui kabisa jina hilo. Huyu ni wangu mimi."

Akakata.

Tangu hapo hakuna aliyempokelea simu. Na ndege nayo haikuja. Mara mvua, mara uwanja haujawa salama, mara zamu ni ya kikosi kingine. Amour alikwenda kwa mkubwa wake, akapiga saluti. Umwambie nini afande? Kwamba jini yuko na mke wangu? "Afande, naomba niende na ndege ya kwanza. Nyumbani kuna matatizo." Mkubwa akamtazama kwa huruma ya mtu aliyesikia hayo tangu asubuhi. "Wote wana nyumba, koplo. Kaa zamu yako."

Alikaa zamu yake. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Vita vizima hakupata kumwomba Mungu amfishe, ila katika ule ungojaji aliomba.

Ndege ikaja mwishowe. Dar es Salaam hakulala wala hakula, alipanda boti ya asubuhi, akateremka bandarini Malindi, Unguja, jua linapanda. Siku hii ndiyo aliyoiota katika mahandaki: ateremke bandarini asikie harufu ya karafuu, apite Darajani amnunulie Nadra halua, aingie mtaani watu wapige kelele, kaja, kaja! Halua alinunua. Aliacha chenji mezani, hata muuzaji akamuuliza kama anaumwa.

Adhuhuri aliingia mtaani kwao. Muhammad wa dukani, rafiki yake tangu wakisoma chuo cha Kurani, alikuwa anapima sukari. Akamwona, sukari ikamwagika.

"Amour kasema kweli," alisema Muhammad, akirudi nyuma. "Kasema utakuja adhuhuri, umevaa kombati, na uso wake."

"Muhammad, ni mimi!"

"Hilo nalo kasema utalisema."

Akavuta mlango wa duka akaufunga kwa ndani.

Nje ya mlango wa kijani watu walikuwa wamejaa, moshi wa ubani ukitoka ndani, na kizingitini pamemwagwa chumvi ya mawe mstari mzima. Amesimama hapo Fundi Ame, mganga aliyeitwa kutoka Kidichi, mzee mrefu, tasbihi mkononi. Hakuwa tapeli, hilo nimsemee. Aliitwa na mama mwenye nyumba, kaambiwa kuna kiumbe kitakuja na sura ya mwanawe, naye kaja kufanya kazi yake kwa nia safi.

Nyuma yake, ndani, Amour alijiona. Amekaa juu ya mkeka, kanzu nyeupe, kofia ya mkono aliyoshonewa na Salhiya, kampakata Nadra. Alikuwa na afya. Alikuwa amenenepa kidogo, kama mtu aliyestarehe kwake. Alimtazama Amour mlangoni, mchafu, mifupa mitupu, macho mekundu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na watu wote waliokuwa wakilinganisha sura zile mbili wakaona wenyewe ipi ni ya mtu na ipi si ya mtu.

"Simama hapo hapo," alisema Fundi Ame. Akageuka. "Bi Mashavu, lete mkono juu ya Msahafu. Jini hana mama. Sema kweli mbele ya Mungu: huyu aliyesimama mlangoni, umemzaa wewe?"

Bi Mashavu aliweka mkono. Akamtazama Amour. Alimjua. Hilo ndilo lililomuuma Amour kuliko yote na linamuuma mpaka leo: alimtazama kama alivyokuwa akimtazama akirudi chuoni na goti limechubuka, midomo ikamcheza, akamjua. Kisha akainamisha macho.

"Sikumzaa," alisema.

Na hakuapa uongo.

"Mama!" alilia Amour. "Kweli hukunizaa, lakini umenilea! Mzee, mimi ni mtoto wa Mwanapili, mdogo wake, muulize!"

"Yuko wapi huyo Mwanapili aje akushuhudie?"

Amour alifungua kinywa. Akaona mtego, na hakuwa na pa kuukwepea.

"Amekufa," alisema. "Yuko kaburini, Makunduchi."

Wanawake wakapiga yowe. Mama yake maiti! Kasema mwenyewe! Watu wakarudi nyuma wakikanyagana, mmoja akarusha jiwe likampata Amour begani, na Fundi Ame akapaza sauti akisoma, ubani ukaongezwa, moshi ukawa mzito, na katikati ya moshi na kelele na kisomo Amour alipiga magoti kizingitini kwake, nyumba aliyoipaka rangi kwa mkono wake, akachota chumvi ile ya mawe kwa viganja viwili akaitia kinywani, akatafuna, akachota tena, akatafuna huku analia, machozi na chumvi vikimchuruzika mpaka kwenye kombati, akiwanyooshea wote mikono mitupu watazame.

Tasbihi ya Fundi Ame ikasimama.

Salhiya aliona. Siku zote hizo alikuwa akipika chapwa, hakuna aliyeijua maana ya chumvi ile kumshinda yeye. Alipiga hatua kwenda kwa mumewe, hatua moja. Nyuma yake, yule wa mkekani aligeuza kichwa. Alipandisha mkono taratibu kutoka begani kwa Nadra, akauzungusha shingoni, akatabasamu tabasamu la Amour.

Salhiya alifika mlangoni. Uso wake ulikuwa karibu na wa mumewe, angeweza kumgusa.

"Kamshika mtoto," alinong'ona. "Nenda, baba Nadra. Usilazimishe. Nenda."

Akaufunga mlango yeye mwenyewe, na komeo likasikika.

Ndani, sauti yake Amour iliuliza: "Kaondoka?"

"Kaondoka, mume wangu," alijibu Salhiya.

Mnaweza kuuliza, kwani hakuna serikali? Ipo. Amour alikwenda kwa sheha, sheha akamwambia mkeo mwenyewe kakufungia mlango, mimi nifanyeje. Alikwenda polisi, wakamsikiliza vizuri, wakampa maji. Masoud, naye amesharudi Unguja, alimpa godoro chumbani kwake kambini. Hata Fundi Ame alimfuata huko, mzee wa watu, akakaa chini mbele yake asiinue uso.

"Nlijua ulipoitafuna chumvi," alisema. "Lakini neno la mama lilishatoka. Alimwita yule kwa jina lake mwenyewe, akakukana wewe kwa kiapo. Vyote viwili kavifanya mwenyewe, hakuna kisomo changu kitakachovivunja. Nimerudi kwake juzi. Nimemwambia, mtaje Mwanapili, umwite mwanao. Naona kajuta, maskini. Kafungua kinywa, analisaka jina, analisaka. Hakikutoka kitu, mwanangu. Harufu ya udongo tu."

Bi Mashavu hajasema neno tangu siku ile.

Basi kila adhuhuri Amour hwenda. Husimama pembeni ya ukuta wa nyuma, penye dirisha la jiko, jua la utosi, mtaa mtupu. Akina mama huwaingiza watoto ndani wakiwaambia, msitoke saa hizi, yupo jini kavaa nguo za jeshi. Ameshawasikia. Wakati mwingine, akikohoa, husikia upande wa pili wa ukuta mtu akikohoa vile vile.

Na kila siku, chini ya dirisha, juu ya tofali, hukuta kisahani kimefunikwa kwa kawa ndogo. Wali kidogo, au muhogo, au kipande cha samaki. Hakuna salamu wala sauti. Lakini kina chumvi. Salhiya hutia chumvi ya kutosha, mkono wake ule ule, na Amour anapoionja hujua kwamba mkewe bado ni mkewe, anangoja, na Nadra bado anapitishiwa kijiko kwa siri. Hula akilia, akalamba hata kisahani. Hayo ndiyo maisha yao ya ndoa, na alikuwa ameapa kuyaishi hivyo mpaka Mungu atakapofungua njia.

Leo alikwenda kama kawaida. Dirisha lilikuwa wazi, jambo ambalo si la kawaida, na ndani alimsikia Nadra akicheka. Alisimama kidogo aisikilize sauti ya mwanawe. Kisha akainama, akafunua kawa.

Wali wa nazi, wa moto, na mchuzi wa changu, chakula chake akipendacho kuliko vyote. Akachota kwa vidole, akatia kinywani, akatafuna. Akachota tena, pengine hakuchanganya vizuri. Akaonja mchuzi peke yake.

Haukuwa na chumvi.